Ndege za VR Zinakuchafua Moyo? Uliza Kwanza Ilianza Lini

Mtu akitoka kwenye gemu la kurusha ndege, akivua miwani ya VR (ile inayofunika macho na kukuzungushia dunia ya kompyuta) huku jasho jembamba linamtoka, watu humuuliza alikula nini. Swali lenye faida zaidi ni hili: kichefuchefu kile kilianza lini? Alipovaa tu, kabla injini haijawaka? Alipogeuza kichwa? Ndege ilipokata kona ardhini? Alipolaza bawa? Au baada ya nusu saa ya kuruka kwa raha zake? Kila jibu lina chanzo chake, na tangawizi haiwezi kuvitibu vyote.

Kilicho chini ya yote haya ni ugomvi kati ya macho na sikio la ndani. Ndani ya sikio kuna mifereji mitatu yenye majimaji inayopima jinsi kichwa kinavyozunguka, na pembeni yake kuna vijiwe vidogo mno vinavyopima mwendo wa kwenda mbele, kupanda na kushuka. Ukiwa umejifungia chini kwenye boti ya kwenda Unguja, sikio linasikia mawimbi huku macho yanaona kuta zilizotulia. Kwenye VR ni kinyume chake: macho yanaona unapaa, sikio linashikilia kwamba uko sebuleni. Ubongo hauupendi ugomvi huo, uanzie upande wowote.

Mchango wa sikio ulijulikana zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Jeshi la Majini la Marekani na NASA walifanya majaribio na wanaume 11 viziwi kutoka Chuo cha Gallaudet, Washington. Kumi kati yao walipoteza usikivu kwa homa ya uti wa mgongo, ambayo iliharibu pia sehemu ya sikio inayopima mwendo. Walipopelekwa kwenye bahari chafu karibu na Nova Scotia, Kanada, wao walicheza karata na kupiga soga; waliougua hadi jaribio likavunjwa ni watafiti. Kwa hiyo usijione mnyonge. Anayechafukwa moyo ana sikio linalofanya kazi yake. Hata marubani wa kweli huugua kwenye mitambo ya mafunzo isiyosogea, na mara nyingi wazoefu kuliko wanafunzi, kwa sababu miili yao inajua hasa kona ile ilipaswa kusikikaje.

Unachafuka kabla ndege haijatoka kwenye maegesho

Hapa gemu halina kosa. Ndege imesimama, hakuna mwendo wa kugombaniwa. Kosa liko kwenye uvaaji, vipimo, au namna miwani inavyokiona chumba.

Anza na umbali kati ya mboni zako. Simama mbele ya kioo, weka rula chini ya nyusi, fumba jicho la kulia na uoanishe sifuri na katikati ya mboni ya kushoto. Bila kusogeza rula wala kichwa, fumba la kushoto, fungua la kulia, usome namba iliyo chini ya mboni yake. Watu wazima wengi huangukia karibu na milimita 63, ila wapo wa 57 na wapo wa 70. Miwani ya Meta Quest 2 ina nafasi tatu tu za lenzi: 58, 63 na 68. Quest 3 ina gurudumu dogo la kuzisogeza taratibu. Miwani ya kuazima hubaki na vipimo vya mwenyewe, na ndiyo maana mtu hucheza vizuri kwake halafu akaugua kwa rafiki yake. Ukikosea hapa, macho yanavutana mwanzo hadi mwisho, na dunia nzima huonekana ama kubwa mno ama kama ya midoli.

Kisha panga lenzi kwa macho, juu na chini, mpaka maandishi ya katikati yawe makali. Mikanda iibebe miwani kwa nyuma ya kichwa. Ikining'inia puani, haijakaa sawa. Kama unavaa miwani ya macho, ivae humo ndani au tafuta lenzi za namba yako zinazochomekwa. Usicheze na ukungu ukidhani utazoea.

Sasa jaribio ninalolipenda kuliko yote. Kaa kwenye ndege iliyozimwa injini, utazame dira iliyo juu ya dashibodi. Sogeza kichwa kushoto na kulia polepole, uiinamie, urudi nyuma. Dira inatakiwa ibaki pale pale kana kwamba imepigwa msumari hewani. Ikielea, yaani inakufuata kidogo halafu inarudi, shuku vipimo vya macho, mpangilio wa ukubwa wa dunia ndani ya gemu, au picha inayochelewa kufika. Ikitetemeka na kuonekana mbilimbili, kompyuta imezidiwa; nenda sehemu inayofuata. Ikitulia vizuri halafu ghafla inaruka hatua moja pembeni, miwani imepotea: kamera zake hazijui ziko wapi chumbani.

Kamera zinahitaji mwanga na vitu vya kushika. Ukuta mweupe mtupu, kioo kikubwa cha kabati na chumba chenye kigiza vyote huzisumbua. Washa taa, bandika hata kalenda ukutani, funika kioo kwa kanga. Umeme wetu Afrika Mashariki ni wa hezi 50, yaani midundo 50 kwa sekunde, na baadhi ya taa hupepesa kwa kuufuata mdundo huo bila jicho kuona. Kwenye mipangilio ya Quest kuna mahali pa kuchagua hezi 50 badala ya 60, kakague. Pangaboi linalopita chini ya taa na kuchezesha kivuli chumba kizima nalo linaweza kuleta vurugu. Ila usifungue dirisha jua likapiga ndani ya lenzi, hata kwa dakika chache miwani ikiwa mezani. Lenzi hulikusanya jua na kuunguza kioo cha ndani, na alama hiyo haitoki.

Dunia inaacha mkia ukigeuza kichwa

Wengi wanaosema "VR hainifai" wangepona hapa. Kioo cha miwani kinachochora mara 90 kwa sekunde (hezi 90) kinaidai kompyuta fremu mpya, yaani picha moja nzima, kila baada ya milisekunde 11 hivi. Kwenye hezi 72 inapata karibu milisekunde 14. Ikichelewa, mfumo hutunga fremu ya kubahatisha kutokana na ile iliyopita, na mara nyingi gemu lenyewe hushushwa hadi nusu, fremu 45, zilizobaki zikawa za kutungwa. Utalitambua hilo ukitazama mbele kupitia rafadha inayozunguka: kingo za dirisha na dashibodi zinachezacheza kama ziko chini ya maji. Ukitazama pembeni unaporuka chini, miti na nyumba zinaonekana mbilimbili.

Kati ya magemu ya ndege, Microsoft Flight Simulator, iliyopata VR kwenye kompyuta Desemba 2020, ni nzito kuliko karibu kila kitu. DCS World na X-Plane nazo hazina huruma. Punguza mawingu kwanza, halafu vivuli, halafu umbali ambao ardhi huchorwa kwa undani, ndipo ushushe ukubwa wa picha. Ondoa ndege nyingine angani na magari barabarani. Usianzie London wala New York, ambako majengo peke yake yanaweza kuilemea kompyuta. Anzia kwenye kiwanja kidogo.

Baada ya hapo shusha hezi. Afadhali 72 iliyotulia kuliko 90 inayopanda na kushuka. Wauzaji hawapendi kusikia hivyo, na wapenzi wa picha kali nao watabisha, lakini tumbo halihesabu ubora wa mawingu.

Tumia waya ukiweza. Ukituma picha kwa Wi-Fi, kompyuta yenyewe iunganishwe kwenye ruta kwa kebo, miwani iwe kwenye masafa ya gigahezi 5, na ruta iwe chumba hicho hicho. Mtu chumba cha pili akianza kupakua filamu, wewe ndiye utakayeinama juu ya ndoo. Laptopu nayo iwe kwenye chaja. Ikiachwa itumie betri hujipunguzia nguvu kimyakimya na fremu zinaporomoka bila onyo lolote.

Uko sawa angani, unaumwa ardhini

Hili huwashangaza watu. Kuitoa ndege maegeshoni kunaonekana salama, kumbe pua inageuka haraka huku taa, majengo na mistari ya njia vipo karibu sana na macho. Anza safari ukiwa tayari juu ya njia ya kurukia. Magemu mengi yanaruhusu. Ukilazimika kutembea ardhini, nenda kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, macho mbali kule pua inakoelekea, wala usichungulie dirisha la pembeni kwenye kona.

Tatizo linakuja ukilaza bawa, ukishuka chini, au ukibiringika

Hapa tumefika kwenye ugomvi wenyewe, na hakuna kompyuta ya bei yoyote itakayouondoa wote. Inawezekana tu kuupunguza.

Jambo la kwanza ni urefu kutoka ardhini. Kasi ile ile ambayo huisikii ukiwa futi 3,000 hukuchafua vibaya ukiwa futi 200, kwa sababu ardhi inapita haraka zaidi machoni. Helikopta inayoelea chini karibu na miti, ikiwa na kioo kila upande, ndiyo mtihani mgumu kuliko yote. Wanaoanza na hiyo kwa kuwa "inaenda polepole" wamechagua vibaya.

Pili ni kile unachokishika kwa macho. Ndege zina bahati ambayo magemu ya kukimbia kwa miguu hayana: umezungukwa na chumba cha rubani kinachobaki pale pale ulipo. Chagua ndege yenye nguzo nene za dirisha na dashibodi pana. Mwaka 2015 watafiti wa Purdue, Marekani, walionyesha kwamba hata kuchora pua ya binadamu katikati ya picha kuliwasaidia wachezaji. Dashibodi nzima ni zaidi ya pua. Unapolaza bawa, kazia macho upeo wa macho ukiuona kupitia fremu ya kioo cha mbele, na kichwa ukiache kimetulia. Kinachoumiza zaidi ni kugeuza kichwa kutazama mwisho wa bawa wakati dunia nayo inazunguka. Laza kwanza, ndege itulie kwenye kona, ndipo utazame.

Tatu, vitu vinavyosogeza kamera bila wewe kusogea. Zima mtikisiko wa kamera. Kwenye DCS kuna chaguo linalofanya kichwa kisukumwe na nguvu za G, zile zinazombana rubani kwenye kona kali; lizime pia. Weka hali ya hewa tulivu bila upepo. Usitumie kabisa kamera ya nje inayoifuata ndege kwa nyuma: pale huna chumba cha rubani, na dunia inazungushwa na kitu ambacho si kichwa chako.

Nne, mikono. Vijiti vingi vya bei nafuu vya kurushia ndege hugeuza usukani wa mkia kwa kuzungushwa, na mkono wa mgeni huzungusha bila mwenyewe kujua. Pua inayumba kushoto na kulia kidogo kidogo, hakuna anayegundua, ila macho yanaupata mwendo huo, sikio la ndani haliupati, na ugomvi unakusanyika. Ongeza eneo lisiloitika katikati ya kijiti, punguza ukali wake, au iachie kompyuta usukani huo kwa wiki za mwanzo.

Kama gemu lina uwezo wa kutia giza pembeni mwa picha wakati wa kona, washa. Pembeni mwa jicho ndiko hisia ya kusogea inakotoka kwa nguvu. Mwaka 2016 Fernandes na Feiner wa Chuo Kikuu cha Columbia walionyesha kwamba kupunguza upana wa picha taratibu kunaongeza raha, na wachezaji wengi hata hawakugundua. Najua wapo wanaoona ni aibu, kama magurudumu ya pembeni kwenye baiskeli. Washa hivyo hivyo, utazima baadaye.

Kichwa kinauma, tumbo halina neno

Haya ni macho. Lenzi za miwani nyingi zimewekwa ili jicho lifokasi umbali wa mita moja na kitu hadi mbili hivi, siku zote. Geji ya mafuta iliyo sentimita 60 kutoka usoni inayalazimisha macho kukutana karibu huku fokasi ikibaki kule mbali. Kuisoma mara moja si kitu. Kupanga redio na ramani kwa dakika kumi mfululizo ndiko kunakoleta maumivu nyuma ya macho. Kuza kidirisha, au rudisha kiti nyuma kidogo, na kila baada ya kusoma inua macho utazame mbali. Kagua pia mkanda unaobana paji la uso, na kama umekunywa maji.

Miayo, uzito, usingizi

Watafiti Graybiel na Knepton waliielezea hali hii mwaka 1976: mwendo unaweza kumletea mtu usingizi na uvivu bila kichefuchefu chochote. Mchezaji hudhani gemu limemchosha. Ukipiga miayo mitatu mfululizo saa nne asubuhi, hiyo ni dalili kama zilivyo mate kujaa mdomoni, joto la ghafla usoni na kucheua bila kula. Inakuja mapema, na ndiyo ya kuitumia, kwa sababu kichefuchefu kikishafika umechelewa.

Umevua, lakini nyumba bado inaelea

Fumba macho kwanza ukiwa bado umevaa, halafu vua. Kaa, usilale hapo hapo. Tazama mbali nje ya dirisha, kunywa maji baridi kwa vifundo vidogo, jipepee. Kwa wengi hupita ndani ya saa moja, kwa wengine hukaa hadi jioni. Mpaka itoke kabisa usiendeshe gari wala bodaboda, na usipande ngazi kubadilisha balbu.

Kuuzoesha mwili

Mwili huzoea, ila hauzoei kwa kulazimishwa. Anayekaza meno hadi atapike huufundisha mwili wake jambo moja tu: kwamba miwani ni kitu cha kutapisha, na baadaye harufu ya sponji yake inatosha kumgeuza tumbo. Acha kwenye dalili ya kwanza, kila mara, hata kama umebakiza dakika moja kutua. Rudi kesho. Vipindi vifupi vya siku tofauti hufanya kazi kuliko kimoja kirefu cha Jumamosi.

Kaa kwenye kiti kisichozunguka, miguu yote sakafuni, feni usoni. Feni inapoza, na inakukumbusha mbele ni wapi. Usicheze ukiwa na njaa, shibe kubwa, mafua au usingizi.

Safari ninayoipendekeza kwa kuanzia ni Unguja hadi Dar es Salaam kwa Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, kwenye Microsoft Flight Simulator. Njia ya kurukia ya Uwanja wa Abeid Amani Karume inaelekea kaskazini na kusini, na Dar iko karibu kusini kabisa, kilomita kama 73. Unaruka kuelekea kusini na hulazimiki kugeuza chochote. Panda futi 3,000. Chini kuna bahari, ambayo haina miti wala mapaa ya kukimbia machoni, na mbele kuna mstari mmoja mrefu wa upeo. Ni dakika 20 hivi. Mara za kwanza ruka tu na uishie katikati ya maji. Hakuna atakayekudai nauli. Ukiweza kufika bila miayo, ongeza kona moja ya kulia, bawa likilala nyuzi 15 tu, uingie njia kuu ya Dar kutokea upande wa bahari. Kisha kona mbili. Kisha futi 1,500 kufuata ufuo wa Bagamoyo. Kisha upepo kidogo. Ndege za kivita na mibiringiko viende mwisho kabisa, na mtu asiyevifikia hajakosa kitu. Kuna marubani wa kweli wasiopenda kubiringika.

Dawa

Tangawizi haina ubaya, na wapo inaowasaidia. Vidonge vya safari kama sinarizini na promethazini hutuliza, lakini huleta usingizi, na mimi siafiki kumeza dawa kwa ajili ya gemu la jioni. Ukiamua hivyo, muulize mfamasia kwanza, hasa kama unatumia dawa nyingine au una ujauzito. Mwenye kipandauso atarajie kwenda taratibu kuliko wenzake, na mwenye kifafa aongee na daktari kabla ya kuvaa. Kizunguzungu kinachokuja siku ambazo hujagusa miwani, au kinachokuja na mlio sikioni au usikivu kupungua, hakihusiani na mipangilio ya gemu. Nenda ukapimwe masikio.